Bia Niliyokupa Haikuwa Yako

Shangazi Damari,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikakaa nikilitazama, maana sijui mtu aliyelala kaburini husalimiwa vipi, na wewe hukupenda mtu aanze maneno kabla ya salamu. Basi shikamoo, na unisikilize mpaka mwisho kabla hujaanza kunicheka.

Ni mimi, Loi wako. Jumamosi iliyopita nilikunywa bia. Ndiyo, mimi mwanakwaya, mimi niliyeokoka, niliyekuwa nikiziba pua nikipita dirishani kwako. Nilikaa jikoni kwako Ihumwa saa nne asubuhi, mlango wazi, nikanywa glasi mbili. Sababu nitakueleza. Lakini kwanza nitoe jambo lililonikaa kooni miaka mitatu, nisije nikazunguka kama kawaida yangu. Ile bia uliyoniomba ukiwa kitandani, ile niliyokuletea kwa mikono yangu, haikuwa yako. Nilikudanganya. Na kinachonitesa si uongo peke yake. Kinachonitesa ni kwamba sikuwahi kujua kama ulijua.

Huku mambo yamebadilika. Treni ya umeme inapita Ihumwa, haina mlio wa zamani, inapita tu kama mtu aliyetoroka kazini. Viwanja vyote vya jirani vimezungushiwa kuta. Kaka Yona anataka kuipangisha nyumba yako kwa watumishi wa wizarani, na handaki lako la kulazia bia anasema lifukiwe, wapangaji wataogopa. Mbuzi tuligawana. Paka alikataa kuhama, bado analala juu ya kifuniko cha handaki. Mimi nipo palepale Makole, palepale masjala, nagombana na watu wanaochukua mafaili bila kusaini.

Na wewe hujaondoka, shangazi. Harufu ya handaki hunijia ofisini katikati ya mafaili, ghafla, udongo wa baridi na kimea na sukari iliyoungua. Mara ya kwanza nilimuuliza mwenzangu kama ananusa kitu, akasema labda ni rangi ya ukuta. Hunijia kanisani wakati wa meza ya Bwana. Kikombe kikinikaribia narudi nyuma, watu wananitazama. Naosha vyombo nasikia kizibo kinatoka, pfu, halafu kimya, na nyumbani kwangu hakuna anayefungua chochote. Nikikuota umekaa na glasi mkononi, unanitazama, hunywi wala husemi. Nimefunga, nimeomba, nimewekewa mikono na wazee wa kanisa. Wapi! Nilianza hata kuogopa kusinzia kwenye kiti mchana.

Nakumbuka ulipolichimba lile handaki nikiwa sekondari, wewe bado ukifanya kazi kiwanda cha mvinyo, kuosha mapipa. Watu wakasema Damari anajichimbia kaburi. Ukawajibu kwamba kama mvinyo wanauacha ukue, huoni kwa nini bia wainywe ingali mtoto. Ulichipusha mtama na shayiri mwenyewe, ukaweka asali ya Kongwa na yale maua makavu machungu ambayo fundi mmoja wa kiwandani alikuwa akikuletea. Ukajaza chupa, ukafunga vizibo kwa ile mashine yako ya mkono iliyobana vidole vyangu mara ngapi sijui, ukaandika mwaka kwa chaki, ukazilaza gizani.

Mimi nilikuwa pua yako. Hukunipa ninywe, ulinipa ninuse, halafu niandike kwenye daftari kwa sababu mwandiko wako ulikuwa wa kuku. Kwa hiyo bia zako nazijua, hata kama sikuwahi kuzionja. Mwezi wa kwanza ilikuwa kali, chungu, inachoma pua. Baada ya mwaka uchungu umeshuka na sukari iliyoungua imepanda juu. Mwaka wa tatu zabibu kavu na tende. Mwaka wa tano ukwaju kwa mbali, na harufu ya kiatu kipya cha ngozi, tukabishana asubuhi nzima, wewe unasema ngozi, mimi nasema tumbaku. Bia zile nyepesi hazikukomaa, ziligeuka harufu ya boksi lililonyeshewa na ukawapa nguruwe wa jirani. Ulikuwa ukisema, "Nyepesi inyweni upesi. Nzito niachieni."

Kisha nikaokoka. Nikakuambia sitanusa tena. Hukugombana na mimi. Ulichukua daftari ukaanza kuandika mwenyewe, kwa huo mwandiko wako, na Krismasi ulipofungua chupa ya bia uliyoipika mwaka uliostaafu, moja kila mwaka, ulikaa nje peke yako na glasi yako. Nilikuona. Nilijifanya nakuna nazi.

Haya, sasa nifike.

Ini lilipokulaza hospitali nikabaki kwako kulisha mbuzi. Na hapo kiherehere changu kikanipanda. Hakuna aliyenituma, shangazi. Kwa muda nilijitetea kwamba ni mahubiri, lakini mchungaji nilipokuja kumweleza alinitazama kwa huruma akaniuliza ni nani aliyeniagiza. Nilijiagiza. Nilijiambia pombe ndiyo iliyokuua ini, na kwamba nikiitoa nyumbani Mungu atakurudisha. Nikashuka handakini nikatoa chupa za mwaka wa kustaafu, ndizo pekee zilizobaki, kumi na moja, nikazifungua moja moja nikamwaga nyuma ya jiko. Nyuki walikuja. Harufu ilipanda mpaka nikajifunga khanga usoni, kwa sababu ilikuwa nzuri. Hilo sikumwambia hata mchungaji.

Bibi Mbeleje, yule jirani yako wa kwenye tembe la udongo, alikuwa amesimama kwenye ua wa minyaa ananiangalia. Unamjua, yeye na kanisa hawajawahi kuonana. Akaniuliza taratibu, "Mjukuu wangu, hiyo unammwagia nani? Pombe humwagiwa waliokwisha kwenda."

Nilimaliza chupa zilizobaki kwa haraka. Lakini neno lake lilinibaki, maana shangazi yangu alikuwa hai, na mimi nilikuwa nimemwaga bia yake ardhini kama anavyofanyiwa marehemu. Baada ya wiki moja hospitali wakakurudisha nyumbani, wakasema hawana la kufanya zaidi. Siku kumi na moja tu ulikaa. Nilihesabu, sawasawa na zile chupa. Mchungaji aliniambia niache ujinga, lakini yeye hakuwepo nyuma ya jiko.

Siku ya nne ukaomba. Ukasema hutaki dawa wala uji, unataka moja ya mwaka wa kustaafu. Nikaenda dukani nikanunua bia nyeusi, nikaimimina kwenye chupa yako tupu iliyoandikwa chaki, nikaipaka vumbi, nikaifungulia jikoni ili usisikie kizibo cha uongo. Jamani, mwanamke aliyekataa hata kunusa bia, nikawa fundi wa kughushi bia. Ukaipokea kwa mikono miwili. Ukainusa muda mrefu. Ukanitazama, kisha ukanywa.

"Imekomaa, Loi," ulisema. "Imekomaa vizuri. Lete daftari uandike."

Nikaandika. Ulisema polepole, huku ukinywa: uchungu umekwisha kabisa. Tende, zabibu kavu, ukwaju. Asali imerudi mwishoni, kavu, bila utamu. Ukamaliza glasi, ukaniambia nijaze, ukamaliza na hiyo. Nilitoka na chupa nikalia stoo, nikijiambia heri, ugonjwa umeua ulimi wake, hakutambua. Kwenye mazishi Yona alisimama akanishukuru mbele ya watu wote kwamba, pamoja na imani yangu, nilikata kiu yako kwa bia ya mikono yako. Watu wakapiga vigelegele vya taratibu. Nikainamisha kichwa wakadhani ni unyenyekevu.

Nimeishi hivyo miaka mitatu.

Sasa Jumamosi. Nilikwenda Ihumwa kufungasha vyombo vyako kabla ya mafundi wa Yona. Bibi Mbeleje akaja. Binti yake anamhamishia Gulwe, tembe lake linabomolewa. Alikuwa amefunga kitu kwenye kitambaa. Nikamwamkia, akaitika, akafungua: chupa. Chaki yako. Mwaka wa kustaafu. Nikakaa kwenye ngazi ya jiko.

Akanieleza kwamba ulimpa mwaka uleule ulioipika, ukamwomba ailaze pembeni ya ghala lake, asiiguse, ili siku moja ujue bia iliyolala kwenye tembe inatofautianaje na iliyolala handakini. Huyo ndiye wewe kabisa. Nikamuuliza kama aliwahi kukuambia alichokiona nyuma ya jiko. Akakasirika kidogo. Akasema mgonjwa haambiwi mambo kama yale. Kisha akaongeza kwamba siku ya nne ulipokuwa ukitaka bia yako alisikia habari, akaja jioni ile akakuuliza kama akuletee ile ya kwake.

"Akasema hapana," Bibi aliniambia. "Akasema, Loi ameshanipa. Hiyo iache ilale."

Alipoondoka nilikaa na ile chupa. Ningeweza kuitupa. Ningeweza kujiambia tena kwamba ulimi wako ulikuwa umekufa na mambo yakaisha. Lakini nimechoka, shangazi. Nikachukua glasi yako na daftari, nikafungua. Mashapo yalikuwa yametulia chini, nikamimina taratibu kama ulivyokuwa ukimimina. Nikanusa. Halafu nikanywa, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikiwa na miaka arobaini na mbili.

Uchungu umekwisha kabisa. Tende. Zabibu kavu. Ukwaju. Nikameza, nikasubiri, na asali ikaja mwishoni, kavu, bila utamu. Labda tembe limeongeza moshi kidogo, sijui, mimi si mjuzi. Lakini kila neno ulilonitajia lilikuwa humo. Nikaenda dukani nikanunua bia nyeusi ileile niliyokupa, nikaionja pia. Ni tamu, nyepesi, ina gesi nyingi. Hakuna tende humo. Hakuna chochote kati ya ulivyosema.

Nikatafuta pa kujificha, nikakosa. Maana siku ile ya nne, asubuhi, ulirudisha kikombe cha uji ukasema maziwa yameshika moshi. Nilikwenda jikoni nikayaonja, nikakuta yameshika kweli, kidogo sana, mimi nisingesikia. Ulimi wako ulikuwa mzima. Ulijua ulipoinusa tu. Ulijua kwamba zako hazipo tena handakini, maana kama zingekuwepo nisingekwenda dukani. Ulinitajia ladha ya bia ambayo hukuwa nayo mdomoni ili mimi nisijue kwamba umejua.

Na hatua thelathini kutoka kitandani kwako chupa yako halisi ilikuwa imelala. Jirani alikuja kukuuliza kama akuletee. Ulikuwa na siku saba za kuishi, ulikuwa umeitamani, umeisubiri miaka saba, na ungeipata bila kuinuka. Lakini ingefika mbele yangu, ningeiona, nisingekuwa na pa kuweka uso. Basi ukafa bila kuionja. Ukanywa ile takataka ya dukani mpaka chini, ukaomba glasi ya pili.

Nilidhani nikijua nitapumua. Sipumui. Nilipokuwa sijui, niliogopa kwamba umenikasirikia. Sasa ninalia kwa sababu hukunikasirikia, na hukunipa nafasi ya kukuomba radhi, na wewe ndiwe uliyekuwa mgonjwa. Kwa nini hukunigombeza, shangazi? Ulinigombeza kwa uji. Ulinigombeza kwa sahani, kwa mume niliyemwacha, kwa sketi zangu. Ungenigombeza na kwa hili tukalia wote.

Niliyoyafanya baada ya hapo ni haya. Chini ya maneno yako ya siku ile nimeandika kwa mwandiko wangu mzuri kwamba bia iliyonywewa haikuwa ya Damari, ni ya dukani, na aliyeibadilisha ni mimi, na kwamba za kweli nilizimwaga. Halafu, mstari wa chini yake, nimeandika bia ya kweli, chupa ya tembe, imeonjwa na Loi. Nimempigia Yona nikamwambia handaki halifukiwi. Ameuliza kwa nini, nikamwambia aje Jumapili na watu wake wote, na shangazi wa Mpwapwa waje, na wale waliopiga vigelegele mazishini nitawaita mmoja mmoja.

Kwaheri, shangazi yangu. Lala. Naahidi Jumapili baada ya ibada nitasimama uani kwako mbele yao wote, nitalisoma daftari ukurasa ule kwa sauti, mstari kwa mstari, na nikifika kwenye jina langu sitalipita haraka.

Mimi,
Loi