Usiifungie Kamera Kabatini

Rwamgasa,
Geita.
9 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Paschal,

Marahaba, maana najua umeshasema shikamoo kabla hujamaliza kufungua bahasha. Hujambo? Baridi ya huko Poland imepungua, au bado unalala na koti? Mafua yamekuacha? Na unakula nini siku hizi? Mara ya mwisho ulisema mkate wao ni mgumu na una uchachu, na kwamba ugali umeanza kuuota. Mimi sijambo, shemeji yako hajambo, na watoto ni wazima isipokuwa Tarsisi aliyeteguka mguu kwenye mpira. Anadai hawezi kuchota maji, ila uwanjani anafika bila shida.

Mvua mwaka huu imetukumbuka. Nyumbani Didia majaruba yamejaa na mpunga umesimama vizuri, mama anatembea huku anaimba. Hapa Rwamgasa mvua hiyohiyo ni vilio, maduara, yale mashimo ya wachimbaji, yamejaa maji na pampu zinanguruma kutwa. Kwenye cherehani yangu kazi zipo, sare za shule na magauni ya kipaimara, namshukuru Mungu.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu Sista Rosemary, yule aliyekufundisha katekisimu, anakuja huko kwa shughuli za shirika lake na amekubali kubeba barua na kifurushi. Halafu haya ya leo hayatoshi kwenye simu. Nikikupigia, mtandao unakata, na nikikutumia sauti unaisikiliza nusu, unajibu "sawa dada". Karatasi utaimaliza.

Habari ya kuibiwa lenzi imeniuma. Uliponieleza kwamba kwenye treni ulimwomba jirani wa kiti akuangalizie mzigo, ukaenda chooni, ukarudi ukakuta jirani kashuka na begi dogo, nilikasirika, nikacheka, kisha nikakasirika upya. Paschal jamani! Kwenye basi la kutoka Kahama unaweza kumwachia mtu hata mtoto, ukashuka kununua mahindi, ukarudi ukamkuta kashalishwa na kalala. Lakini huku unapomkabidhi mtu mzigo, basi zima linasikia. Akiugusa, kina mama wa viti vya nyuma watamshukia kabla hata ya konda. Huko ulinong'ona kwa Kiingereza kibovu kwa mtu mmoja, na mashahidi ukawa huna. Sisemi watu wa huko ni wabaya. Nasema yule hakuwa na wa kumwonea aibu.

Halafu yale maandishi. Shemeji yako alipokuandikia begini kwa kalamu kubwa KAMERA NA LENZI, PASCHAL MAYALA, DAR, alitaka konda asije akakutupia magunia juu yake. Sote tunaandika mizigo yetu hivyo, ndoo, magodoro, hata mashuka. Aliposikia kwamba neno kamera huko nako wanalisoma vilevile, chakula cha mchana hakukigusa. Nimemwambia asijilaumu. Lakini na wewe, tangu Oktoba uko huko, hukuona kitambaa cha kulifutia?

Basi, lenzi imekwenda, na polisi wa huko wamekuandikia karatasi yao. Hilo silo linalonikosesha raha. Linalonikosesha raha ni ule ujumbe wako wa mwisho, kwamba kamera yenyewe, uliyokuwa umeivaa siku ile, ipo salama, kabatini, ufunguo umeutundika shingoni pamoja na rozari, na tangu siku ile darasani unakwenda na simu. Mwezi wa tano kila mwanafunzi anatundika picha zake ukutani, wenye magazeti wanakuja kuzitazama na kuchagua wa kuwapa kazi. Wewe utatundika nini? Ufunguo?

Najua unacholinda. Wale ng'ombe walioingia kwa baba nilipoolewa walikuwa wa kukuolea wewe mke. Ndivyo ilivyo kwetu, dada anatoka, kaka anaoa. Ni mimi niliyekwenda kumpigia baba magoti ili wauzwe, inunuliwe kamera. Baba alisema maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua inayobebwa na mtawa. Mwishoni alikubali kwa sharti kwamba kitu chenyewe kisipotee. Kwa hiyo kila ukiishika unamwona mzee kasimama na fimbo. Nakuelewa, mdogo wangu, hata mimi humwona. Lakini sikupiga magoti ili kabati la Wapolandi lipate kitu cha kutunza.

Hebu mtazame shemeji yako. Unajua kazi yake ni kununua dhahabu kidogokidogo kwa wachimbaji na kuipeleka sokoni mjini Geita. Mwenzake Selestine alijinunulia mkoba wa ngozi wenye kufuli la namba, akawa anaukumbatia njia nzima. Safari ya pili tu walimnyang'anya, mkoba ukaokotwa mtaroni umepasuliwa kwa kisu. Alikuwa amewaonyesha mwenyewe pa kutazama. Baba Tarsisi yeye huiweka dhahabu chini ya kopo la karanga, anavaa kandambili, na karanga zenyewe anazitafuna njiani. Hampigii mtu simu kusema ameanza safari. Akiulizwa anakokwenda, anakohoa kidogo na kusema kliniki. Miaka yote hiyo anaogopa, usidhani haogopi, kila asubuhi ya kwenda Geita hawezi hata kumaliza chai. Lakini anaipeleka. Angeizika chini ya kitanda kwa woga, sisi tungekula nini?

Kwenye kifurushi utakuta mfuko nilioushona. Nje ni kitenge changu kilichopauka, kile cha maua ya kahawia ulichokuwa unakicheka. Ndani nimeweka sponji ya godoro na turubai, maji hayapiti. Zipu nimeiweka upande wa mgongoni, ukiuvaa hakuna wa kuifungua usisikie. Ndani ya mkanda nimepitisha waya wa breki ya baiskeli na kuushonea humohumo, wembe utakwama. Nilivunja sindano mbili, ndiyo maana mshono wa kushoto umepinda, usiniseme. Ukiubeba utaonekana baba mwenye nepi za mtoto. Wenzako watakucheka, na wewe cheka nao.

Yale maandishi meupe ya kampuni juu ya kamera yafunike kwa utepe mweusi, nimekuwekea. Ukikaa mahali, mkanda uzungushie mguuni, hata kanisani, maana na humo wezi wamo. Chooni nenda na mzigo wako, hata kama watu watakushangaa. Toka na lenzi moja tu, nyingine ibaki. Na ile picha uliyoweka kwenye simu kila mtu aione, umesimama kituoni na begi wazi, vifaa vyote vimepangwa kama samaki sokoni, iondoe leo. Ungekuwa mnunuzi wa dhahabu tungekuwa tumeshakuzika.

Kila jioni picha za siku hiyo zihamishe. Nakala moja abaki nayo mwenzako wa chumbani, nyingine ubaki nayo wewe. Mwizi akichukua chombo, asichukue na jasho lako. Na ukikutana na mwenye kisu, Paschal, mpe. Mpe na mfuko wangu na kitenge changu, wala usibishane naye. Kitu cha dukani kitatafutwa.

Sasa nisikilize vizuri. Uliniomba nisimwambie baba, na nilikusudia kukutii. Jumapili iliyopita nilikwenda Didia. Baada ya kula, baba alikuwa anasuka kamba ya ndama, akaniuliza mbona siku hizi picha unazotutumia hazisomeki, watu wote kama wamepakwa masizi. Nikasema labda ni ukungu wa huko. Akasema, "Anisia, mimi nimezeeka miguu, sijazeeka macho." Basi nikamweleza yote, treni, jirani wa kiti, lenzi, kabati.

Mama alisimama mlangoni na sufuria mkononi, akisubiri radi. Baba aliendelea kusuka.

"Wamechukua ng'ombe wote?" akauliza.

Nikamwambia hapana, mmoja tu, tena mdogo.

"Waliobaki wako wapi?"

"Amewafungia ndani, baba. Anaogopa."

Hapo akaiweka kamba chini. "Anaogopa nani?"

Nikaitazama fimbo yake iliyoegemea ukuta. Alielewa, akatazama pembeni. Kisha ukali ukamrudia, unamjua. "Mwizi akiingia zizini kwangu akachukua mmoja, kesho yake waliobaki hawaendi malishoni? Watakula nini humo ndani, miti ya zizi? Mimi nilisema asiwapoteze. Sikusema asiwachunge! Mwambie ng'wana Mayala, mwanangu huyo, awatoe nje." Halafu akamgeukia mama, akamwuliza ni mtu gani mwenye akili anamwachia mgeni mzigo wake, na hapo ulipata maneno yako ya kutosha, nayo sitayaandika kwa heshima ya sista.

Nililia, Paschal, nakwambia ukweli. Tangu uondoke nilikuwa najibebesha hasira ambayo mzee mwenyewe alishaitua.

Salamu ni nyingi. Mama anakusalimu na anasema uvae kofia. Shemeji yako anakusalimu na amekutumia kopo la karanga, ni karanga tupu, nimehakikisha. Mariana wa Kharumwa, unayemjua kuliko ninavyomjua mimi, alipita kuchukua gauni lake. Alijifanya amekuja kwa ajili ya gauni, kumbe aliuliza habari zako mpaka jua likazama. Tarsisi na wadogo zake wanakusalimu sana. Nisalimie huyo mwenzako wa chumbani, na umshukuru kwa kukupeleka polisi.

Mungu akulinde wewe kwanza, na kamera baadaye. Mama Maria akufunike kila unapotoka, na kila asubuhi utoke.

Jambo la mwisho, nililoagizwa nisilisahau. Siku ile baba alinisindikiza hadi barabarani, kitu ambacho hajawahi kunifanyia tangu niolewe. Tulipofika, aliangalia huku na huku kama mwenye neno la siri, akaniuliza kama ni kweli ng'ombe wa huko hawana nundu, na kama theluji inawakuta wamelala nje. Nikasema sijui. Akasema, "Basi apige picha anitumie. Na asinipigie na simu. Apige na ile iliyokula ng'ombe zangu, nataka kuona hadi kope."

Ukimaliza kusoma hapa, fungua kabati. Mzee anasubiri.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata usipojibu haraka,

Anisia (Mama Tarsisi)