Mahudhurio ya Magunzi

Kilole,
Korogwe.
21 Mei 2025

Mpendwa wifi Raheli,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Hamjambo wewe na kaka Peter? Baridi ya Makete mnaionaje, na kile kifua chako kimetulia? Sisi wazima, ila mvua imetuganda mpaka nguo zinaota ukungu kabatini.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nikiongea nyumba nzima inasikia, na haya sitaki mwanao ayasikie.

Wifi, tangu Januari Glory hajatamka neno shuleni. Hata moja. Hapa ananichosha kwa maswali, lakini akivuka geti la shule anafumba mdomo na uso unamkauka. Mwalimu alidhani ni kiburi. Mama kule Kang'ata anasema ni udata, kile kijinyama chini ya ulimi, na ameshampata mzee wa kukikata kwa wembe shule zikifungwa. Nami nilikubali. Nisamehe.

Jumamosi nilirudi kutoka sokoni saa sita mchana. Kabla sijafungua mlango nikamsikia mwalimu wa Glory chumbani kwangu, anaita mahudhurio. "Ernesti!" Mtoto wa kiume akaitika, "Nipo, mwalimu." "Shadya!" Akaitika mwingine, sauti nyembamba. Mwili ulinisisimka, maana nilikuwa nimemwacha Glory peke yake.

Nikachungulia dirishani. Alikuwa peke yake kweli. Alikuwa amepanga magunzi ya mahindi mstari kwa mstari, na kila gunzi lilikuwa na sauti ya mwenyewe. Moja liliwekwa mbali na mengine, pembeni kabisa. "Glory!" akaliita, kwa sauti ya mwalimu. Kimya. Akaliita tena, akalikazia macho, akangoja. Kisha akasema taratibu, "Hayupo," akachora alama sakafuni kwa mkaa.

Niliogopa, halafu nikalia. Mtoto anayeweza kusema kwa midomo ya darasa zima, wembe wa nini?

Jana nikaenda kumwona muuguzi wa watoto. Akanieleza kwamba Glory hakatai kusema; hofu ndiyo inayomkaba akiwa mbele ya watu asiowazoea. Tusimlazimishe, tusimchape, tusimsemee. Aanze na mwenzake mmoja mahali anapojiona salama, tuongeze kidogo kidogo, hata kama itachukua miezi. Nilikumbuka ninavyomfokea "Sema basi!" mbele ya wageni, nikaona aibu.

Nakuomba umpigie mama, umkataze habari ya wembe. Mimi ananiona bado mtoto, lakini wewe ndiye uliyemzaa Glory.

Leo nimemwalika Shadya mwenyewe. Wamekaa na yale magunzi karibu saa nzima, kimya. Mwishowe Shadya akashika zamu ya ualimu, akaita jina baada ya jina, akafika kwenye lile la pembeni. "Glory!" Mimi jikoni nimeshika mwiko, sipumui. Shadya hakurudia, alingoja tu. Ndipo ikatoka sauti ndogo, kavu, ambayo sijawahi kuisikia humu ndani. Ilisema, "Nipo."

Msalimie sana kaka Peter, na jirani yenu Grasiana. Mungu awafunike huko mliko na awarudishe salama.

Glory amesimama hapa begani kwangu. Anasema nikuandikie kwamba yupo.

Wifi yako akupendaye,
Efrazia