Shangazi, Radhi Hiyo Siombi

Chumba cha kupanga,
Nyuma ya Chuo cha Wauguzi,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, macho yametulia, na ile miwani mpya imeacha kukuchubua pua. Cherehani nayo haijambo? Mara ya mwisho ulisema inatafuna uzi kuliko mbuzi. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio unaokwenda mbio, lakini huo unaujua tangu utoto wangu, nilipokuwa nikimkimbia hata kuku aliyeatamia.

Ujumbe wako wa simu niliupata. Ulisema mtoto hamwumbui baba yake mbele ya watu, na kwamba niende nikapige magoti kabla ukoo haujakaa tena mwisho wa mwezi. Nimeusikiliza mara nyingi, maana sauti yako naipenda hata inaponigombeza. Tungezungumza kwa simu ningetetemeka na kukubali, ndiyo maana naandika. Magoti nitapiga kwa jambo lolote jingine. Kwa hili, hapana.

Umelisikia kwa upande wa baba tu. Nipe nafasi nami nikueleze.

Unamjua Chiriku, binti wa kaka, na unajua tulimpa jina hilo kwa sababu hanyamazi. Akinyamaza, nyumba nzima inajua maumivu yamekuja. Viganja vinavimba, mguu haukanyagiki, weupe wa macho unageuka njano. Hospitali walisema ni selimundu. Nyumbani wakasema ni ugonjwa wa kwao mama yake. Baba alilisema mara ya kwanza kwa upole, halafu likazoeleka, likawa sehemu ya nyumba. Hata mimi niliamini, Shangazi, pamoja na shule yote mliyonisomesha.

Kazi yangu hapa chuoni ni kuchapa. Wahadhiri wanaandika kwa mkono, mimi nachapa maelezo ya masomo na mitihani. Yupo mmoja tunayemwita Mama Seli, anayewafundisha wauguzi wa ngazi ya juu habari za seli, urithi, na jinsi ugonjwa unavyoanza mwilini kabla mgonjwa mwenyewe hajajua. Mwandiko wake ni vurugu tupu, kwa hiyo nimezoea kumsahihisha kimyakimya. Safari hii aliniletea swali kuhusu mtoto mwenye selimundu ambaye wazazi wake wote wawili wamebeba jeni ya ugonjwa huo bila kuugua. Nikaona mama wa watu amepitiwa. Nikachapa kwamba mama ameibeba na baba hana kabisa. Nikajipongeza kwa kumwokoa na aibu.

Alikuja mezani kwangu ameishika karatasi kwa ncha za vidole. Akasema, "Karani, huyu mtoto uliyemwandika hapa hawezi kuzaliwa."

Nikamjibu, "Ameshazaliwa, Mwalimu. Ni mtoto wa kaka yangu."

Nilitegemea anifokee. Alivuta kiti akakaa, akaigeuza ile karatasi akaanza kunichorea nyuma yake.

Nakueleza kama alivyonieleza. Seli nyekundu ya damu ni laini, ya mviringo, imebonyea katikati mithili ya mto uliokaliwa. Ndani yake mna himoglobini, inayobeba oksijeni. Maelekezo ya kuitengeneza himoglobini hiyo kila mtu amepewa mara mbili: moja ametoka nayo kwa baba, moja kwa mama. Moja likiwa na kasoro, lile jingine linafanya kazi na mtu anaishi hadi uzee bila kujua lolote. Yakiwa na kasoro yote mawili, himoglobini ikishaachia oksijeni inajipanga kuwa vijiti vigumu, seli inapinda kama mundu, inakwama kwenye mishipa myembamba, na nyama iliyo mbele yake inakosa hewa. Hayo ndiyo maumivu ya Chiriku. Na seli hizo hazikai, zinavunjika mapema, ndiyo yale manjano ya macho.

Sasa hesabu mwenyewe. Ili Chiriku apate kasoro mbili, kila mzazi alitoa yake. Kaka hakusimama kando akitazama.

Akaniongezea jambo moja. Aliyebeba jeni moja tu, malaria kali haimwezi kirahisi, na ndiyo sababu jeni hii imedumu kwa watu wetu badala ya kupotea. Nikamkumbuka baba anavyojisifu kila mwaka kwamba malaria haijawahi kumlaza kitandani. Mama Seli alinionya kuwa huo si ushahidi. Hata hivyo nilicheka peke yangu njia nzima.

Nilimwomba kaka akapime. Akasema ananiamini, ila hawezi kumbishia mzee. Basi nikapima mimi. Unajua mimi na sindano. Wanafunzi wa uuguzi walinilaza, mmoja akanishika mkono, mwingine akaniuliza kama nimeandika wosia. Majibu yalipotoka, nilikuwa nimeibeba jeni moja.

Nikaenda nayo kwenye kikao cha ukoo. Baba alikuwa ameshatoa uamuzi: shemeji, mama yake Chiriku, afungashe, arudi kwao na ugonjwa wao. Kaka aliinamia zulia. Shemeji alisimama mlangoni, Chiriku mgongoni, hakulia, alikuwa anamsikiliza kila mtu kana kwamba baadaye ataulizwa nani alisema nini. Mimi nilishika mgongo wa kiti kwa mikono yote miwili.

Nikasema, "Baba, damu hiyo na mimi ninayo. Na mimi sikuzaliwa na shemeji."

Binamu mmoja akacheka. Nadhani kicheko kile ndicho kilichomchoma baba kuliko maneno yangu, na kwa kicheko kile namsikitikia. Akageuka akamtazama mama. "Basi wewe ndiye uliyetuletea."

Mama alikuwa anamimina chai. Aliendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika, kisahani kikafurika, chai ikatambaa kwenye kitambaa cha meza, na hakuna hata mmoja aliyemwambia acha. Baba akaniamuru niondoke nisirudi bila radhi. Nikaondoka.

Shemeji ananiambia kwa simu kwamba tangu siku hiyo mama analala chumba cha watoto. Yeye mwenyewe bado yupo akingoja kikao cha pili, na masanduku aliyofungasha hajayafungua. Nilitaka kumwondolea mtu mmoja lawama, nikaishia kumtwisha na wa pili. Ndilo linaloninyima usingizi, na bado sijutii nilichosema. Nikiomba radhi, nitakuwa nimesema kwamba baba hana lake humo, na wanawake wawili watafukuzwa na kauli yangu.

Tena, Shangazi, kubeba jeni si kosa hata likaombewa msamaha. Baba hakuichagua, mama hakuichagua, hata wazazi wenu waliowapa hawakuichagua.

Ndipo nakuja kwako. Nilipokuwa mdogo na homa, ulikaa pembeni ya kitanda changu ukanisimulia habari za wadogo zenu wawili, wewe na baba, waliofariki kabla ya kuanza shule. Ulisema mikono na miguu yao ilikuwa ikivimba, wakilia wasiguswe, nawe ulikuwa unapasha kitambaa juu ya mfuniko wa sufuria ukiwafunga kiungo kimoja baada ya kingine. Ulisema watu waliuita ugonjwa huo homa ya mifupa. Baba alikuwa shule ya bweni. Aliporudi likizo alikuta makaburi. Yeye hakuona. Wewe uliona.

Mama hakuwa ameingia bado katika nyumba hiyo. Shemeji hakuwa hata amezaliwa.

Sikuombi unitetee mimi. Karani amezoea kufokewa. Ninakuomba kabla ya mwisho wa mwezi umpigie kaka yako, umwambie walivyougua wadogo zenu. Mimi akinisikia anaona mtoto mtovu wa adabu. Wewe ni dada yake, na mlifiwa pamoja. Ukiona huwezi, bado nitakuwa pale siku ya kikao, nimeshika kiti kile kile, na nitasema maneno yale yale.

Nisalimie mjomba na magoti yake, wale mapacha wa jirani, na mwanafunzi wako wa ushonaji anayepindua suruali. Mama anakusalimu. Shemeji naye, kwa heshima kubwa. Mungu akupe afya na ujasiri, na akigawa ujasiri asinisahau, mimi wangu unaisha haraka.

Chiriku ameamka vizuri wiki hii, ameanza kelele. Mama yake alipomleta kliniki ya hapa chuoni nimemchorea seli zake, akasema zina ncha kwa sababu ni kali. Maumivu yakija mama yake anamfunga kitambaa cha moto, kwa sababu nilimfundisha kama ulivyonisimulia. Juzi ameuliza nani aligundua dawa hiyo, na alikuwa anamfunga nani. Nimemwambia jibu liko kwako.

Ni mimi mwanao,
mwoga yule yule, mwenye kukupenda bila kipimo,
Karani.