Kwa Lindsay Noske, Beki Aliyekuwa Akiuliza Nani Yuko Nyuma

Mwaka umezunguka, Baba. Ulituondokea asubuhi ya baridi, umande umeganda juu ya ngano, na buti zako za mpira bado zimesimama nyuma ya mlango wa jikoni. Mama anasema zinakauka. Zimekauka mwaka mzima sasa, na hakuna mwenye ubavu wa kuzigusa.

Watu wa mji wetu wa Wirrabeal wanakukumbuka kwa ngumi yako, maana mpira wetu wa Australia hudakwa na kupigwa ngumi hata na beki. Ulianza kuchezea timu ya mji kabla hujaota ndevu, ukaenda Melbourne ukacheza misimu tisa kwenye timu kubwa, kisha ukarudi shambani na pua iliyopinda, ukacheza tena hapa mpaka magoti yakagoma. Muda wote huo hukuwa mtu wa mabao. Ulikuwa ukisema kufunga ni kazi ya warembo. Kazi yako wewe ilikuwa kusimama mbele ya milingoti ya goli na kumnyima mtu bao, na uwanja mzima ulikuwa ukikupigia kelele: "Funga mlango, Noske! Funga!"

Nyumbani ulikuwa mtu mwingine kabisa. Wana-kondoo waliofiwa na mama zao uliwalea kwenye boksi kando ya jiko, ukawanywesha maziwa kwa chupa, na ukawapa majina ya washambuliaji waliokusumbua enzi zako. Yule uliyemwita Doyle alipokufa ulilia, ukasingizia vumbi. Kulikuwa kunanyesha, Baba.

Mama hakuwahi kukuona ukicheza. Wageni hawaamini tukiwaambia. Kila Jumamosi aliegesha gari kwenye uzio wa uwanja pamoja na magari mengine, akafungua chupa yake ya chai, na mpira ulipopigwa juu kuelekea kwako akafumba macho. Mchezo aliufuata kwa honi. Tukifunga sisi, magari yetu yanapiga honi. Wakifunga wao, yanapiga ya kwao. Kilichomtia hofu ni pale honi zote ziliponyamaza, maana ukimya huo una maana moja tu: kuna mtu yuko chini na hainuki. Hapo alikuwa akituuliza, macho amefumba vilevile, "Ni yeye?" Mara nyingi tulimwambia siye. Mara nyingine tulichelewa kujibu, naye akajua.

Mpira wa juu ndio uliokuumiza. Ulirudi nyuma mbio, uso angani, bila kujua ni nani anakuja kukuparamia. Aliyekuwa akikuangalizia nyuma ni Col Hausler, beki mwenzako. Kukiwa salama aliita "Wazi!" nawe ukaudaka kwa raha zako. Kukiwa na hatari aliita "Mtu!" nawe ukageuza bega, ukaupiga ngumi ukaenda zake. Kuna siku Col alichelewa kuita. Kuna siku Col mwenyewe alikuwa chini.

Miaka ya mwisho uwanja ulikufuata nyumbani. Kwanza yalikupotea majina ya majirani, halafu ya kwetu. Kisha ikaingia hofu, wewe uliyekuwa humwogopi mtu. Ulikuwa ukisimama uani chini ya kamba ya nguo, unatazama juu, unauliza: "Nani yuko nyuma? Col! Nani yuko nyuma?" Shuka likipepea tu ulijikunja ukisubiri kugongwa. Daktari alitueleza kuhusu vichwa vilivyogongwa mara nyingi, na tulimsikiliza tukiwa tumeshikana mikono. Tuliogopa sana, Baba. Tulikuogopea, na kuna siku tulikuogopa wewe.

Mama ndiye aliyepata dawa. Asubuhi moja, mikono imejaa nguo mbichi, alikuita tu bila kupanga: "Wazi, Lindsay! Wazi, mpenzi!"

Mabega yako yakashuka. Ukainua mikono, ukadaka hewa, ukaja kumkabidhi.

"Asante, Col," ulisema.

"Col gani mwenye miguu mizuri hivi?" Mama akakuuliza, na wewe ukacheka kile kicheko chako cha zamani.

Tangu hapo nyumba nzima ikawa inaita. Ukiingia bafuni, wazi. Ukipanda gari, wazi. Hata ile asubuhi ya mwisho, pumzi zimekuwa chache, uliuliza tena nani yuko nyuma, na Mama akainama sikioni mwako akakuitia.

Sasa tukueleze habari za Tegan, maana kukuficha tusingeweza. Kitinda mimba wako anachezea timu ya wanawake ya Wirrabeal, na amechukua nafasi yako ileile, mbele ya milingoti. Mwezi wa tano aligongwa kichwa. Alitapika garini njia nzima ya kurudi nyumbani, akakaa nje ya mchezo wiki kadhaa, kisha daktari akamruhusu. Mama hakumruhusu. Walikutana jikoni, na tunakuandikia walivyosema kwa sababu ungetaka kusikia.

"Mama, mimi si Baba."

"Pua ni yake, magoti ni yake. Hicho kichwa peke yake ndicho ulichonunua dukani?"

"Siku hizi mtu akigongwa anatolewa. Baba walikuwa wanampa maji tu wanamrudisha."

"Aliyegongwa hajijui, Tegan. Nimemvalisha baba yako soksi mimi. Nimemwambia jina lake mimi!" Mama alianza kulia. "Siwezi tena. Sina nguvu za kuanza upya."

"Basi njoo uniitie," Tegan akasema. "Col masikio yamekwisha, na mwenzangu wa pembeni anaita ajali ikishatokea. Mimi nyuma sioni, Mama. Wewe utaona."

"Mimi huwa nafumba macho."

"Najua."

Jumamosi iliyopita Mama alishuka garini. Alivaa koti lako kubwa, akatembea mpaka nyuma ya milingoti, akasimama. Brett, mwanao wa kwanza, anayeandika haya kwa niaba yetu sote, alikuwa kando yake, na kucha za Mama zilikuwa zimemzama mkononi tangu filimbi ya kwanza. Chai haikunywewa. Upepo wa kaskazini ulikuwa unavuruga kila mpira.

Mchezo ulikuwa unaelekea mwisho walipoupiga mmoja juu sana, ukaning'inia. Tegan akageuka, akaja mbio upande wetu, uso angani, shingo yote nje. Alikimbia hasa kama wewe. Na kutoka pembeni akaja mshambuliaji wao, msichana mrefu, naye macho juu, hakuna anayemwona mwenzake.

Brett alifumba macho. Anakubali, na mnaosoma mumcheke mkitaka.

Alichosikia ni sauti ya Mama, na hakujua Mama ana sauti kubwa kiasi kile: "Mtu! Tegan, mtu! Mtu!" Ikafuata ngumi kwenye mpira, miili ikagongana, halafu kimya. Hakuna honi, si ya kwetu wala ya kwao.

"Ni yeye?" Brett akauliza, macho amefumba.

Mama hakujibu upesi. Ule muda ulitosha, Baba, kutuonyesha alivyokuwa akiishi kila Jumamosi ya maisha yako.

"Siye," akasema. "Amegeuza bega. Amesimama. Ni mtoto wa watu."

Yule msichana mrefu alikuwa kwenye majani, na Tegan alikuwa amepiga magoti karibu naye. Ng'ambo ya uwanja mlango wa gari moja ulikuwa wazi na mwanamke alikuwa anakimbia. Mama hakuuachia mkono wa Brett mpaka yule mtoto alipokaa, akasimama, akatoka akishikiliwa na wenzake. Ndipo honi zikaanza, za pande zote mbili.

Jumamosi hii Tegan anacheza tena. Usidhani hofu imetutoka. Tunalala nayo, tunaamka nayo, na Mama ameanza kusikia mashuka yakipepea hata siku ambazo hajafua. Lakini koti lako ameliacha kwenye kiti cha gari, tayari.

Tunaokukumbuka ni mkeo Glenys. Wanao Brett na Tegan. Dada yako Verna. Mwenzako Col Hausler, ambaye hasikii lakini anakulilia. Na kondoo wa mwaka huu aliye kando ya jiko, tuliyemwita Doyle wa pili. Hutatutoka moyoni siku zote za maisha yetu.

Tulipomsomea Mama maneno haya alisema ni marefu, magazeti yanalipisha kila neno la tangazo. Kisha akatuomba tuongeze moja tu, la kwake kwako.

"Mwambieni sikufumba macho."