Panya Wasioshikwa na Degedege

Jumatatu, 6 Machi 1995
Nimebadilisha maranda kwenye vizimba vyote vya maabara. Ya maseremala wa Gerezani, nimeyapepeta mwenyewe. Panya kumi na wawili. Sita wa kawaida. Sita wamezaliwa bila jeni moja, wamekuja kwa ndege. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Leo Daktari Jyoti amewachoma wote sindano yenye vimelea vya malaria. Anataka kujua jeni ile inahusikaje na malaria inayopanda kichwani. Alisema naweza kupewa kazi nyingine. Nimekataa. Neema wangu alikufa kwa malaria hiyo hiyo mwaka jana, akiwa na miaka minne. Nataka kuona.

Alhamisi, 9 Machi
Panya wazima. Mgao wa umeme, chumba kinachoma. Nimewapepea kwa kadibodi.
Baba Neema kaenda dukani Kariakoo kabla sijaamka. Tangu serikali iruhusu bidhaa za nje anauza ndoo na sahani za Dubai kwa jumla. Hatuzungumzi. Msibani kule Moshi aliniambia neno moja tu: "Ungemwahisha." Nilimpa mtoto klorokwini asubuhi, nikasubiri homa ishuke. Hospitali tulifika saa tisa alasiri. Sina la kujitetea.

Jumapili, 12 Machi
Nimepitia maabara nikitoka kanisani. Panya mmoja wa kawaida ana degedege. Shingo imerudi nyuma, miguu inapiga. Vile vile kama Neema. Nimeandika saa, nimeandika namba yake. Kisha nimekaa sakafuni.

Jumatatu, 13 Machi
Wa kawaida wanne wamekufa. Wasio na jeni wanakula tu. Daktari amenieleza: jeni hiyo ndiyo inayouamuru mwili uite askari wake. Wakija wengi mno, wanaziba mishipa midogo ya ubongo. Kinga yenyewe ndiyo inayoua.
"Na mtoto akiwahishwa?" nikamuuliza.
Akafunika kizimba. "Mama Neema, panya hawawezi kunijibia hilo."
Nilitaka anidanganye.

Jumanne, 14 Machi
Wa kawaida wameisha. Mchana nimeenda dukani kumweleza Baba Neema. Wapagazi wanapita na mizigo, yeye anafunga ndoo kwa kamba. Nimemweleza yote: jeni, askari, mishipa ya ubongo.
"Kwa hiyo umeniletea ushahidi wa panya," akasema. Akamgeukia mteja.
Nimemchukia. Nimerudi kazini kwa miguu.

Ijumaa, 17 Machi
Sita wote hai. Mmoja amenilalia kiganjani. Nimemwonea wivu. Panya. Kwa nini yeye azaliwe na pengo hilo la jeni, mwanangu asizaliwe nalo?

Jumamosi, 25 Machi
Nyayo zao zimekuwa nyeupe. Damu nyepesi, kama chai iliyoongezwa maji. Kwenye darubini vimelea vimejaa. Daktari anasema bila jeni ile degedege haliwashiki, lakini mwili nao haupigani vya kutosha. Wameepuka kufa haraka. Wanakufa polepole.
Basi hata huko hakukuwa na mlango wa kutokea. Na mimi nilishaanza kuwaombea.

Jumanne, 28 Machi
Wawili wa mwisho wamekufa. Daktari amepata jibu lake. Ni jibu zuri, huenda siku moja likamfaa mtoto wa mtu. Amenipa pole, amenipa na mapumziko ya kesho. Nimeosha vizimba vyote, nimevianika juani.

Jumatano, 29 Machi
Niko nyumbani, Magomeni. Asubuhi Baba Neema hakuondoka. Alikaa mkekani na viatu mkononi.
"Wale panya wengine," akauliza, "wameendeleaje?"
Nikamwambia nao wamekufa.
Akaviweka viatu chini. "Asubuhi ile nilimgusa mtoto. Alikuwa wa moto. Nikaenda kufungua duka."
Mwaka mzima hajawahi kulisema hilo. Nimemmiminia chai, nikakaa karibu yake. Tumekaa hivyo mpaka adhana ya adhuhuri. Leo duka halikufunguliwa.