Mama Kapanda Basi la Ghorofa

Jumatano, Baleni. Mvua inakuja na kuondoka tangu asubuhi. Nimeanika makopa ya muhogo, nimeyaanua, nimeyaanika tena, na sasa nimeyaacha kwenye ungo yajiamulie yenyewe. Nina kijiba cha roho. Neno lenyewe ndilo hilo, sitaki kulipamba.

Mama yangu yuko London kwa mdogo wangu Zuhura, na anauzunguka mji mzima kwa basi.

Asiyemjua Mama hawezi kuelewa kwa nini hilo linaniuma. Mimi ndiye mtoto niliyebaki. Nashona nguo hapa hapa kijijini, cherehani yangu iko barazani kwake, napika jikoni kwake, na miaka yote hiyo kumtoa Mama aende mjini Kilindoni ilikuwa kazi kuliko kumtoa pweza shimoni. Gari lina vumbi. Kiuno kinamsumbua. Bodaboda ndiyo kabisa, hata kuitazama hataki. Msimu uliopita nilimbembeleza twende tukawaone papa potwe, maana wageni wanatoka huko duniani kuja kuwaona na sisi wenyewe wa hapa hatujawahi. Akaniuliza, samaki mkubwa nikishamwona ndiyo nifanye nini? Nilikuwa nimeshashona na dera la kuvaa siku hiyo.

Tulipovuka bahari kwenda Nyamisati kumsafirisha, alitapika kwenye kanga yangu njia nzima, akaapa harudii tena chombo. Nikamfikisha uwanja wa ndege Dar, nikambusu mkono, nikabaki nje ya kioo. Nilirudi nikilia, lakini moyoni nilikuwa na hakika kwamba huko aendako atakaa kwenye kochi akilalamikia baridi mpaka siku ya kurudi.

Hakukaa ndani hata kidogo.

Zuhura anahudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia. Siku zake za mapumziko akaanza kumtembeza Mama. Kwanza akampandisha treni ya chini ya ardhi. Mama akanitumia ujumbe wa sauti, anacheka mpaka anakohoa: "Mwana wee, kuna ngazi huku zinatembea zenyewe, weye wasimama tu kama bibi harusi!" Kiuno hakikutajwa. Mara nyingine wakapanda boti mtoni, na habari ya kutapika sikuisikia. Kisha akaanza kutoka peke yake Zuhura akiwa kazini. Kadi ya nauli ameivaa shingoni, anapanda basi la ghorofa linalopita mtaani kwao, anakwenda kukaa juu, mbele kabisa, anafika sokoni, anatazama viazi vya watu, anarudi.

Kwangu kiuno, kwa Zuhura mbio.

Na kinachonimaliza zaidi ni kwamba mimi ndiye redio yake. Mashoga zake wengi hawana simu za kupangusa, kwa hiyo kila alasiri jirani yetu Bi Tausi anakuja na wenziwe, wanajipanga barazani, nami nasimamisha cherehani niwachezee sauti za Mama. "Hebu rudisha pale penye daraja," Bi Tausi ananiagiza. Narudisha. "Zuhura kamtendea mamaake, Mwenyezi Mungu amzidishie." Naitikia amina, na inatoka kwa shida.

Hakuna aliyewahi kusema Mwanahawa kamtendea mamaake. Uji niliompikia Mama asubuhi zote hizo hauchezwi kwenye simu.

Juzi Zuhura akaniandikia: dada, Mama anapapenda huku, naomba akae mpaka Ramadhani ikikaribia, unasemaje? Sikumjibu. Nilikuwa namtarajia mwezi huu, chumba chake nimeshakipaka chokaa. Niliusoma ule ujumbe nikaona mama yangu anachukuliwa kidogo kidogo, kituo baada ya kituo, na mimi nimekaa na simu nawahadithia watu.

Sasa leo mchana simu ikalia, namba ya nje nisiyoijua. Nikadhani ni matapeli. Nikapokea kwa ukali.

"Mwana?"

Ndivyo Mama anavyolifupisha jina langu. Nikasema shikamoo Mama. Akaitika marahaba mwanangu, akauliza kwanza kama makopa yamekauka. Halafu ndipo akasema, "Hebu sema na dereva huyu. Nimemwambia anishushe kwa Zuhura, naona hapajui."

Nieleze kidogo kwa msomaji wa mbali. Hapa kwetu ukipanda gari la kutoka Kilindoni humtajii dereva kituo. Unamwambia kwa fulani, naye anakushusha mlangoni, pengine na gunia anakushushia. Siku zote huko London Mama alikuwa akiteremka akiliona duka la maua kwenye kona ya kina Zuhura. Leo mvua ilikuwa kubwa hata kwao, vioo vya basi vimejaa ukungu, nje haonekani mtu wala duka. Kwa hiyo alipopanda sokoni akafanya kama anavyofanya nyumbani. Akamwambia dereva kwa Kiswahili kilichonyooka, mwanangu, nishushe kwa Zuhura, akapanda juu akakaa kwa raha zake. Basi likafika mwisho wa njia, watu wote wakateremka, Mama kakaa anangoja zamu yake.

Simu yake ilikuwa imezima chaji. Dereva akampa ya kwake, na namba pekee Mama aliyonayo kichwani ni yangu. Ya Zuhura imo ndani ya ile simu iliyozima. Yangu aliiandika mwenyewe kwa mkaa ukutani jikoni, na tangu hapo ndiyo anayowatajia wanunuzi wote wa nazi. Aliibonyeza mwenyewe, na dereva aliposikia Tanzania akaongeza tarakimu za mbele.

Nitasema ukweli. Kabla sijaogopa, nilifurahi. Mama yangu kakwama upande mwingine wa dunia, na moyo wangu unaruka kwa kuwa kanipigia mimi. Hofu ilikuja baadaye.

Nilisema na dereva kwa Kiingereza changu cha shule, nusu yake nimeshaisahau. Nilimwomba anitajie walipo na asimwache Mama peke yake, kisha nikampigia Zuhura. Alitoka kazini mbio akamkuta Mama ndani ya chumba cha madereva, ana kikombe cha chai, anawaeleza wenzake wa yule dereva habari ambazo hakuna aliyezielewa.

Walipofika nyumbani Zuhura akanipigia. Nilitegemea kilio. Kumbe ana hasira, tena na mimi.

"Dada, na mimi naumia, ujue. Kule juu mbele pana viti viwili. Mama anakaa dirishani, cha pili anakitandika mtandio wake. Nikitaka kukaa ananiambia hapo pa Mwana, siku akija naye aone. Mimi niliyemleta nakaa nyuma! Basi limejaa, watu wamesimama, na kiti kinamngoja mtu aliye Baleni."

Nilimwambia pole. Sauti yangu haikuwa na pole hata chembe.

Bi Tausi alikuja alasiri na kundi lake. Nikawaambia leo hakuna sauti, simu ya Mama imezima. Walisikitika, wakazungumza habari za mvua, wakaondoka. Habari ya kiti sikuwaambia. Wameshasikia mengi, hiyo ni yangu.

Mvua imekatika. Makopa yameloa upande mmoja. Mama bado yuko mbali, na namjua, akishapumzika atapanda basi tena. Wivu haujanitoka. Umehama tu: sasa nauonea gere ule mtandio, unaoketi pale mbele ukiyaona yote na mimi sipo.

Nimemjibu Zuhura hivi punde. Nimeandika: Akae mpaka Ramadhani ikikaribia, kisha umrudishe. Nikatuma. Nikaandika tena:

Na hicho kiti usikikalie.