Mche wa Safari ya Kumi na Nane

Erattukulam, 10 Novemba 1986

Mwanangu Vilasini,

Kwanza nakujulia hali. Kikohozi cha vumbi la huko kimekwisha? Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto. Kwa mujibu wa shajara yangu, limenisumbua siku kumi na mbili tangu Septemba.

Tarehe 17 navaa shanga za nadhiri. Hii ni safari yangu ya kumi na nane kwenda hekalu la Kanjimala, na anayefikisha kumi na nane hubeba mche wa mnazi begani, siku zote tano za kutembea msituni, akaupande kule juu. Anayevaa shanga huitwa Swami na kila mtu, na jirani Bhaskaran ameshaanza kunitania: “Swami, mwaka huu mnazi ndio utakaokubeba wewe!”

Ujue jambo moja. Mwaka juzi, siku ya thelathini na nne ya nadhiri, nilifungua barua nikasoma kwamba baba yako mdogo amefariki. Ukishajua msiba wa ndugu, shanga unavua, safari imekufa. Tangu hapo nimeamua: barua ikija nikiwa na nadhiri, naitia kwenye kopo la mchele bila kuifungua hadi nirudi. Kwa hiyo usihangaike na kimya changu mpaka Januari.

Safari zote zilizopita nimeomba mengi. Hii nitaomba moja tu: uje nyumbani, hata kwa siku chache. Miaka sita, mwanangu.

Baba yako,
Kuttappan

*

Maskati, 13 Novemba 1986

Baba mpendwa,

Barua yako ya mwezi huu bado haijanifikia. Goti linaendeleaje? Mimi sijambo, kikohozi kimepona.

Baba, nimepewa likizo! Nitafika nyumbani tarehe 6 Januari na kuondoka tarehe 14. Sijamwambia mtu mwingine yeyote. Najua ni msimu wako wa kupanda mlima, lakini mwaka huu tafadhali nenda mapema, Desemba, uwe umesharudi. Nina hamu ya kukaa nawe kibarazani nikimenya muhogo, huku ukinigombeza kwamba namenya vibaya.

Mwanao,
Vilasini

*

TELEGRAMU. Maskati, 26 Novemba 1986

BARUA YAKO NIMEPATA. FUNGUA YANGU. NAKUJA TAREHE SITA JANUARI. NISUBIRI. MWANAO

*

Nyumbani kwako, 14 Januari 1987, asubuhi

Baba,

Natumaini umeshuka salama na goti lako. Mimi ni mzima wa mwili.

Nilifika tarehe 6. Bhaskaran akaniambia mliagana tarehe 3. Nikafungua kopo la mchele, nikaikuta barua yangu na telegramu yangu, zote zimefungwa vilevile.

Tarehe 10 nilipanda basi hadi geti la msitu, pale wanawake wa umri wangu wanapokomea, maana hekaluni hawaruhusiwi. Kila aliyepita kwenda juu nilimwambia: “Swami, ukimwona mzee mwenye mche wa mnazi begani, mwambie Vilasini yuko nyumbani.” Mmoja akacheka: “Dada, wazee wenye minazi huko ni mia mbili, na wote wanaitwa Swami! Nimwite yupi?” Nilikaa pale siku mbili, nikitazama miguu ya kila aliyeshuka, maana miguu yako naijua.

Gari liko nje. Godoro lako nimelianika.

Mwanao,
Vilasini

*

Erattukulam, 19 Januari 1987

Mwanangu Vilasini,

Nakuombea uwe umefika salama. Mimi nimerudi jana. Goti limevimba, litapungua.

Nikwambie ukweli. Telegramu ilipokuja, niligeuka nayo moja kwa moja kuelekea kwenye kopo la mchele. Velayudhan wa posta alisema, “Fungua tu, mzee, si mbaya.” Nikamjibu, “Wewe hata msiba ungesema si mbaya.” Nani hutuma telegramu kwa jambo jema? Nilidhani ni wewe. Nilidhani umekufa, na kwamba nisipofungua, utaendelea kuwa hai hadi nirudi. Siku tano nilipanda mlima na mche begani na wazo hilo kifuani.

Ujumbe wako haukunifikia; kule juu hakuna aliyeniita kwa jina hata mara moja. Mche niliupanda tarehe 9. Ningeweza kushuka kesho yake, nikabaki kuumwagilia na kungojea taa ya sikukuu inayowaka kileleni. Ilipoonekana tarehe 14 jioni, watu wote wakipiga kelele, niliomba lile moja: uwe hai, uje nyumbani. Saa hiyo ulikuwa umeshaondoka.

Kopo la mchele sasa lina mchele tu. Msimu ujao sivai shanga. Mtu akitimiza kumi na nane ametimiza. Nitakuwa kibarazani.

Nina ombi. Katika shajara, kurasa za tarehe 6 hadi 14 zimejaa msitu: maili, mvua, tulipolala. Lakini pambizo ni nyeupe. Niandikie ulichofanya kila siku katika nyumba hii, hata kama ni kufagia tu, hata ulikaa kiti gani. Nitanakili pembeni, kwa mwandiko mdogo, ili siku hizo tuwe tumekaa ukurasa mmoja.

Anza na tarehe 6. Uliingia kwa mlango upi?

Baba yako,
Kuttappan